Rangi ya rimu kwa wakaao pwani

Mwaka juzi nilipeleka rimu nne za aloi za gari letu la familia kwa fundi mmoja hapa Tanga, nikazipokea kesho yake ziking'aa kama zimetoka dukani. Masika hayajakwisha, rangi ilikwisha kuvimba malengelenge, na chini yake umetambaa weupe mfano wa nyuzi. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba rangi ilipuliziwa hadi mahali nati zinapokalia. Iliposagika, nati zikalegea, tukasikia gurudumu likigonga tukiwa njiani na watoto watatu kiti cha nyuma. Alhamdulillahi, tuliwahi kusimama.

Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini unyevu wenye chumvi hupenya palipochubuka ukaila chini kwa chini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi gani, uliza rimu itaandaliwaje. Rangi kuukuu iondolewe yote, metali ibaki tupu, weupe usuguliwe, mafuta yaoshwe. Fundi anayepaka bila kuvua tairi amekwisha kukujibu.

Mimi nimechagua rangi ya unga. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, ukaganda kwenye rimu, kisha huokwa katika tanuri kwa joto la yapata nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, mpaka uyeyuke na kuwa ngozi moja ngumu. Huhimili vijiwe vya barabarani na vumbi la moto la breki kuliko rangi ya kawaida ya kupuliza. Ila ikichubuka ni vigumu kuiziba pale pale, na joto likipita kiasi hudhoofisha aloi yenyewe. Muulize fundi analipimaje joto la tanuri lake. Akibabaika, chukua rimu zako uondoke. Rangi ya kupuliza yenye kigumishi yafaa kwa mwenye mikwaruzo michache na mfuko mwembamba.

Vijana wetu hupenda uso uliokerezwa ukang'aa kama kioo, nami sikatai uzuri wake. Lakini kila ukerezaji hupunguza metali, hauwezi kurudiwa mara nyingi, na kinga yake ni vanishi angavu tu. Mkwaruzo mmoja wa ukingo wa barabara watosha kufungulia chumvi mlango. Kwa mkaazi wa pwani, huko ni kununua matengenezo.

Rimu yenye ufa isipakwe rangi, itupwe. Zikirudishwa garini, nati zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kuosha ni kwa maji na sabuni laini. Dawa za tindikali huunguza rangi.

Rimu zetu sasa ni za unga, rangi ya kijivu. Mama watoto asema zinafanana na masufuria, lakini masika mawili yamepita na bado ni nzima.