Utepe mdogo wafichua kala-azar

Msomaji, ukienda Kitui au Makueni likizo hii kuwaona babu na nyanya, huenda ukapita kando ya kichuguu usikitazame mara mbili. Kumbe katika nyufa zake hujificha mdudu mdogo kuliko mbu, anayefanana na usubi. Huyo hutoka jioni kutafuta damu, na ndiye aenezaye kala-azar.

Maradhi haya si mageni Ukambani. Mnamo 1952 na 1953 yalizuka kwa kishindo Kitui, na hadi leo hupatikana katika kaunti hizi mbili. Mgonjwa hushikwa na homa kwa zaidi ya majuma mawili, hukonda, hupungukiwa na damu, na wengu huvimba hadi tumbo likafura. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa.

Shida ni kwamba wengi hudhani ni malaria. Zamani, ili kupata hakika, daktari alidunga sindano ndani ya wengu, kazi inayoweza kumvujisha mgonjwa damu tumboni.

Siku hizi kuna utepe uitwao rK39. Umetengenezwa kwa nitroselulosi, polima itokanayo na nyuzi za pamba au mbao zilizotiwa asidi. Una vitundu visivyoonekana kwa macho, navyo hufyonza majimaji kama utambi wa taa ufyonzavyo mafuta. Juu yake hupakwa mstari wa protini inayofanana na ya kijidudu cha kala-azar. Damu ikipita hapo, kingamwili za mgonjwa hunaswa, na mstari mwekundu hutokea kwa dakika chache.

Je, wausomaje? Mistari miwili, kala-azar ipo. Ule wa thibitisho peke yake, haikuonekana. Wa thibitisho usipotokea, kipimo kirudiwe.

Hata hivyo, utepe huu hukosea Afrika Mashariki zaidi kuliko India. Tena kingamwili hubaki mwilini baada ya mtu kupona, kwa hivyo aliyewahi kuugua huhitaji vipimo vingine. Vivyo hivyo yule ambaye utepe haukuonyesha kitu ilhali dalili zinaendelea.

Tiba ipo: sindano za dawa mbili kwa siku 17.

Basi mzazi, mtoto akipata homa isiyosikia dawa, mweleze daktari mlikotembea, hata kama miezi kadhaa imepita. Ugonjwa huu hukawia kujitokeza, na daktari wa mjini asipoambiwa habari za Kitui, huenda asiukumbuke utepe.