Jua Hujenga Mifupa, Jua Huunguza Ngozi

Katika nyumba moja huweza kuzaliwa watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja mwenye ngozi nyeusi kama wazazi wake, na wa pili mwenye ualbino, yaani ngozi isiyo na rangi, nywele kama majani makavu na macho yasiyostahimili mwanga. Jua ni lile lile, nalo huwaangukia wote wawili katika ua ule ule. Lakini jua linalomfaa huyu ndilo linalomdhuru yule, na mzazi anayetumia kanuni moja kwa wote wawili hana budi kumkosea mmoja wao. Jambo hili hata madaktari hawakulielewa upesi, kwa hiyo yafaa lielezwe kwa taratibu.

Kwanza ni habari ya mifupa. Uko ugonjwa wa watoto ambao watu wengi huuita matege kwa sababu ya miguu inayopindika. Kwa kweli miguu hupindika baadaye, mtoto anapoanza kusimama na mifupa laini ikalemewa na uzito wake. Kabla ya hapo ziko dalili nyingine ambazo mama makini aweza kuziona: utosi huchelewa kufunga, meno huchelewa kuota, vifundo vya mikono huvimba, na mbavu hutokeza vinundu vilivyopangana kama shanga za tasbihi. Mtoto wa namna hii huchelewa kuketi na kutembea, na jirani husema kwamba ni mvivu. Si mvivu, mifupa yake haijakomaa.

Ugonjwa huu ulikuwa pigo kubwa katika miji ya Uingereza. Mwaka 1650 daktari mmoja, Francis Glisson, alitoa kitabu kizima juu yake, lakini asili yake haikujulikana. Viwanda vilipozidi na moshi wa makaa ya mawe ukatanda juu ya vichochoro, watoto wa maskini walipindika miguu kwa wingi, hali wenzao wa mashambani walikua sawasawa. Mwaka 1890 daktari Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi ya utabibu katika misheni huko Japani, alikusanya habari kutoka kwa madaktari wa nchi mbalimbali, akaona kwamba penye jua jingi ugonjwa haupo, hata kama watu ni maskini na chakula chao ni haba. Watu wachache walimsikiliza. Hata mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaangazia watoto wagonjwa kwa taa yenye miali kama ya jua, na mifupa yao ikapona. Tena aliona ajabu moja: alipoangazia mkono mmoja tu, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Ikawa dhahiri kwamba miali hiyo haigusi mfupa wenyewe, bali hutengeneza kitu ndani ya ngozi, na kitu hicho husafiri katika damu.

Kitu hicho ndicho kinachoitwa vitamini D. Jua hutoa miali tunayoiona kwa macho na miali tusiyoiona, na mojawapo ya hiyo isiyoonekana huitwa urujuanimno. Sehemu yake moja inapopiga ngozi hugeuza mafuta fulani yaliyomo humo kuwa vitamini D, ambayo hupita katika ini na figo ili ipate nguvu ya kufanya kazi. Kazi yake ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula, nayo ni madini ya jamii ya chokaa, yanayofanya mfupa uwe mgumu. Mtu aweza kurundika mawe kiwanjani, lakini kama hakuna wa kuyapandisha ukutani nyumba haijengwi.

Hapo msomaji aweza kuuliza: Kenya imekatwa katikati na mstari wa ikweta, na jua ni la bure kwa kila mtu, je, mtoto wa hapa atalikosaje? Jibu lake liko katika nyumba. Mtoto wa shamba huchezea uani tangu asubuhi, nguo yake ni fupi au hana kabisa, wala hahitaji kufundishwa na mtu habari za jua. Lakini mtazame mama aliyepanga chumba kimoja katika ghorofa ya nne, mtaa kama Pipeline huko Embakasi, Nairobi, ambako majumba yamesongamana hata taa huwashwa mchana. Huenda kazini alfajiri, na mtoto humwacha kwa mlezi mwenye watoto wengi chumbani. Magari ni mengi, ngazi ni za hatari, kwa hiyo mlango hufungwa. Mtoto huyo huishi katika nchi ya jua kama alivyoishi mtoto wa vichochoro vya Uingereza chini ya moshi. Madaktari wa Nairobi wamekutana na matege kati ya watoto wa namna hii, hasa wale waliodhoofika kwa utapiamlo.

Kumweka mtoto dirishani hakusaidii, kwa kuwa kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia ile miali inayotengeneza vitamini D. Tena ngozi nyeusi, ambayo ni ngao njema, huichuja miali hiyo, hivyo mtoto mweusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mtoto wa Kizungu ili apate kiasi kile kile. Wazee wa pwani walijenga kwa busara katika jambo hili, ingawa hawakuwa na habari za vitamini. Nyumba za mawe za Lamu zina kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, ambamo wanawake na watoto hukaa bila buibui na jua huwafikia pasipo macho ya wapitao njia. Nyumba za siku hizi za kupangisha hazina kiwanda, na pengine wajenzi wangefanya vyema kukumbuka jambo hilo.

Sasa, ni jua la saa ngapi? Desturi ya miji mingi ni kumtoa mtoto mchanga nje saa 1 asubuhi, jua linapochomoza, kwa kuwa ni laini. Desturi hiyo ina wema wake. Mtoto hupata hewa na mama hupumzika. Lakini jua likiwa chini sana, miali yake hupenya hewa nyingi kwa mshazari, na ile inayotengeneza vitamini D karibu yote hupotea njiani. Mama aweza kumtoa mtoto kila siku saa 1 na bado asipate faida aliyoitazamia. Kwa upande mwingine jua la adhuhuri lina nguvu nyingi mno, na huku nyanda za juu huzidi, kwani kila mita 1,000 mtu anapopanda, nguvu ya miali huongezeka kwa sehemu 10 hivi katika 100. Naye asijidanganye kwa ubaridi wa Limuru au Nyahururu. Joto silo linalounguza ngozi, na wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya miali hiyo.

Kipimo chepesi ni kivuli cha mtu mwenyewe. Kivuli kikiwa kirefu mara mbili ya mtu, jua halina nguvu ya kudhuru wala ya kufaa sana. Kivuli kikilingana na kimo chake, jua lina nguvu ya kutosha. Hapa Kenya hali hiyo hupatikana asubuhi kati ya saa 3 na nusu na saa 4, na tena alasiri saa 9 na baadaye kidogo. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mtu, jua ni kali, na wakati huo wenye kuhitaji kujifunika na wajifunike. Kipimo hiki hakihitaji saa wala fedha, na mtoto wa darasa la kwanza aweza kufundishwa.

Mtoto mwenye ngozi nyeusi aliyekwisha kujua kutembea yafaa acheze nje wakati huo wa kivuli cha kimo chake, mikono na miguu ikiwa wazi, nusu saa hivi, mara kadhaa kwa juma. Mtoto mchanga atoshewe na muda mfupi zaidi, kichwa na macho yakiwa kivulini, wala asiachwe katika jua la mchana. Maziwa ya mama ni chakula bora kupita vyote, lakini yana vitamini D kidogo tu, kwa hiyo mama asiyeweza kumtoa mtoto nje na aulize kliniki habari ya matone ya vitamini hiyo. Wala mtu asifikiri kwamba saa nne za jua huleta faida mara nane ya nusu saa. Ngozi ina kiasi chake. Ikishafika hapo huanza kuivunja ile ya ziada, na kinachobaki ni uchovu na kiu.

Lazima iongezwe hapa kwamba jua peke yake halijengi mfupa. Huko Jos, nchini Nigeria, madaktari waliona watoto waliocheza juani kila siku na bado wakawa na matege. Habari zilizotangazwa mwaka 1999 zilionyesha kwamba walikosa kalsiamu katika chakula, na walipopewa wakapata nafuu. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi mtupu na ugali yuko katika hatari hiyo hiyo. Omena, au dagaa, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ni chakula chenye kalsiamu nyingi na bei yake si kubwa. Kadhalika maziwa na mboga kama sukuma wiki.

Na sasa mtoto yule wa pili. Mwenye ualbino hana ile rangi ya ngozi inayoitwa melanini, hivyo ngozi yake haina ngao. Vitamini D huipata upesi kwa jua dogo linalomfikia njiani, kwa hiyo asitolewe juani kwa makusudi kama ndugu yake. Kwake kila kuungua ni deni linalowekwa juu ya deni jingine: madoa, kisha vidonda vya midomo, masikio, shingo na uso, na mwisho saratani, ambayo huwapata wengine wakiwa bado vijana na kuwaua. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu wenye ualbino 9,729 katika Kenya. Hapo zamani waliitwa zeruzeru, jina wasilolipenda, na iliaminiwa na wengine kwamba vidonda vyao ni sehemu ya kuzaliwa kwao. Sivyo. Vidonda hivyo huletwa na jua, na vyaweza kuzuiwa.

Kinga ya kwanza si dawa, ni nguo. Shati la mikono mirefu na suruali au rinda refu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana hushinda mafuta mengi ya dukani. Kitambaa kijaribiwe kwa kukiinua mbele ya mwanga: kikipitisha mwanga hupitisha na miali. Leso iliyokunjwa mara mbili ni kinga bora kuliko ya mkunjo mmoja, na nguo ya pamba iliyolowa hukinga kidogo kuliko ile kavu. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, kama zile zinazosukwa kwa ukindu huko pwani. Kofia yenye mdomo wa mbele tu huyaacha masikio na kisogo, na hapo ndipo vidonda hupenda kuanza. Kivuli nacho si sawa chote. Mwembe una majani mazito, lakini mgunga hupitisha miali kama chekecheke, na mtu aliyeketi chini yake huungua akidhani amejificha. Mchanga wa pwani na maji ya ziwa hurudisha miali juu, basi mvuvi mwenye ualbino aweza kuungua chini ya kidevu hata akiwa na kofia.

Shuleni mambo haya mara nyingi huharibika, si kwa ubaya bali kwa sheria. Gwaride hufanyika saa 4, michezo saa 8, na kofia hukatazwa kwa kuwa si sehemu ya sare. Mwalimu mkuu aweza kuyaondoa hayo yote kwa neno moja, na kumketisha mtoto huyo mbele, karibu na ubao na mbali na dirisha lenye jua, maana macho yake huona kwa shida.

Mahali ambapo nguo haifiki, yaani uso, masikio na mikono, hupakwa mafuta maalumu ya kukinga jua. Mengine huwa na unga mweupe wa oksidi ya zinki, unaorudisha na kufyonza miali. Nambari 30 juu ya chupa maana yake ni kwamba yakipakwa vizuri huzuia kama sehemu 97 katika 100. Lakini watu hupaka kidogo mno, na husahau kupaka tena baada ya saa mbili au baada ya jasho na kuoga. Mafuta ya nazi, ya simsim na ya mgando hulainisha ngozi, lakini hayazuii jua kwa kiasi cha kutegemewa. Liwa ya wanawake wa pwani ni pambo zuri, nalo libaki pambo. Ama krimu za kung'arisha ngozi, hizo humvua mtu mweusi ngao aliyozaliwa nayo, na baadhi yake zina zebaki, ambayo ni sumu ya figo.

Mafuta ya kukinga jua ni ghali dukani. Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapatia watu wenye ualbino mafuta hayo bila malipo kupitia hospitali za serikali, na mzazi yampasa kumwandikisha mtoto wake mapema, asingoje vidonda. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, mafuta ya namna hiyo hutengenezwa hapo hapo kwa ajili ya ngozi za watu hao.

Mtoto ambaye vifundo vyake vimevimba, au ambaye amepita miezi 18 bila kutembea, apelekwe kliniki. Matege yakitibiwa mapema miguu mingi hunyooka bila kisu. Na mwenye ualbino aliye na kidonda au gamba lisilopona kwa majuma manne, hata kama ni dogo kama punje ya mtama na haliumi, aonyeshwe daktari juma hilo hilo.