Sudani: Ukame, Ardhi na Vita Visivyokwisha

Sudani ni nchi ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa na nusu jangwa, na ambayo tangu ipate uhuru tarehe 1 Januari 1956 imeishi miaka mingi zaidi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kuliko katika amani. Mkazi wa Riruta Satellite au Kawangware, jijini Nairobi, huenda akaiona kuwa nchi ya mbali, ilhali ng'ambo ya Barabara ya Ngong, katika mtaa wa Kibera, wanaishi Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari waliotoka Sudani na ambao hadi leo huzungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa kutokana na Kiarabu cha kambi za jeshi.

Askari hao walikuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani, na walikatiwa njia ya kurudi kaskazini na uasi wa kiongozi wa dini aliyeitwa Mahdi, ulioanza mwaka 1881. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza Frederick Lugard aliwaandikisha wengi wao, na baadaye wakaingizwa katika jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 liliwaruhusu kukaa Kibera. Waliruhusiwa kujenga na kulima, lakini hawakupewa hati, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliihesabu ardhi hiyo kuwa mali yake. Eneo lililotengwa mwaka 1918 lilikuwa na ekari zipatazo 4,000, lakini hati ya pamoja iliyotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2017 ilihusu ekari 288 tu.

Mkasa huo wa ardhi inayokaliwa bila hati unasaidia kuielewa Sudani yenyewe. Kaskazini mwa nchi mvua ni haba mno, na maisha hutegemea Mto Naili. Magharibi, katika Darfur, wakulima hungojea mvua za msimu mfupi, na wafugaji wa ngamia huhama na mifugo yao kufuata malisho. Kwa muda mrefu jamii hizo zilipatana kuhusu njia za mifugo na visima, zikiongozwa na machifu na kufuata utaratibu wa hakura, yaani maeneo ambayo masultani wa Darfur waliwagawia viongozi wa jamii. Baadhi ya wafugaji wa ngamia wa kaskazini hawakuwa na hakura yao wenyewe, na ukame wa miaka ya 1980 ulipoua mifugo na kuwasukuma kusini, walijikuta kwenye ardhi ya wengine.

Hata hivyo, ukame peke yake hauanzishi vita. Mwaka 1970 serikali ya Rais Jaafar Nimeiri ilipitisha sheria iliyoifanya ardhi yote isiyosajiliwa kuwa ya serikali, kisha ikadhoofisha mamlaka ya machifu, hivyo wasuluhishi wa migogoro wakapungua wakati walipohitajika zaidi. Uasi ulipozuka Darfur mwaka 2003, serikali ya Rais Omar al-Bashir iliwapa silaha wanamgambo walioitwa Janjaweed, wengi wao kutoka jamii za wafugaji Waarabu, na mwaka 2013 ikawageuza kuwa kikosi rasmi, Rapid Support Forces. Kikosi hicho ndicho kilichoanza kupigana na jeshi la taifa jijini Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, katika vita ambavyo vimewafukuza makwao watu zaidi ya milioni 10.

Kusini, vita vya 1955 hadi 1972 na vya 1983 hadi 2005 vilitokana na malalamiko yanayofanana na ya Darfur, kwamba Khartoum ilijilimbikizia mamlaka na mali huku ikiyaacha maeneo ya pembezoni bila shule, barabara wala sauti. Mazungumzo ya Machakos na Naivasha, yaliyosimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, yalizaa mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Sudani Kusini ikajitawala mwaka 2011 ikiwa na takriban robo tatu ya mafuta ya nchi iliyokuwa moja. Khartoum iligeukia dhahabu, ambayo nayo ikawapa makamanda wa wanamgambo fedha za kuendesha vita bila kutegemea hazina.

Kwa hiyo mkataba wowote utakaogawa vyeo kati ya majenerali na kuliacha suala la ardhi, malisho na dhahabu utakuwa umetuliza mapigano tu, kwa sababu mkulima na mfugaji wa Darfur watabaki wakishindania kisima ambacho hakuna sheria inayowahakikishia.