Je, Wajua? Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Harrier Iliyotumika

Je, wajua kwamba Harrier na Lexus RX zilizaliwa tumbo moja? Toyota waliizindua Harrier huko Japani Desemba 1997, kisha mwaka 1998 Wamarekani wakauziwa gari hilohilo kwa jina la Lexus RX 300. Japani yenyewe haikuwa na maduka ya Lexus hadi 2005, ndiyo maana huko liliuzwa kama Toyota.

Je, wajua kwamba Harrier si ndugu wa Land Cruiser? Vizazi vyake viwili vya mwanzo vilijengwa juu ya msingi wa Camry, gari la saluni. Ndiyo maana hutulia barabarani. Ukiigeuza gari la kubebea matofali shambani, utaionea.

Je, wajua kwamba hata injini ya Toyota hufa kwa oili chafu? Mwaka 2002 Toyota walikubali kugharamia matengenezo ya injini zilizoganda tope la oili huko Marekani, zikiwemo V6 ya lita 3.0 (1MZ) na ile ya lita 2.2 (5S). Zote mbili zimo kwenye Harrier za zamani. Fungua kifuniko cha oili utazame: ukiona utando mweusi mzito, usitoe pesa.

Je, wajua kwamba injini hizo mbili hutumia mkanda wa taiming, na ya lita 2.4 (2AZ) hutumia cheni? Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mafundi wa Japani wakishaubadilisha hubandika stika yenye kilomita na tarehe ndani ya boneti. Itafute. Kwenye 2AZ, uliza kama gari huchemsha au hupunguza maji ya rejeta, kwani nyuzi za bolti za silinda hedi hung'oka kwenye bloku.

Je, wajua kwamba karatasi ya mnada wa Japani husema kweli nusu tu? Herufi R hukuonya kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Harrier ya 2005 inayouzwa Nairobi leo imeshaishi na wenyeji miaka mingi. Karatasi ile haijui maisha hayo. Anayeyajua ni fundi wake: mtafute, uombe na risiti za oili. Mwenye gari aliyezitunza risiti, mara nyingi ametunza na injini.