Jiko la Umeme: Hitilafu Zake na Matunzo Yake

Jiko la umeme lenye pleti nne na oveni ni miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyobeba mzigo mkubwa kabisa wa umeme, na pia ni miongoni mwa vyombo vinavyohukumiwa kwa haraka. Pleti moja ikikataa kushika moto, au oveni ikiacha mikate mibichi upande wa chini, watu wengi hukata shauri kwamba jiko limekwisha umri wake, wakalitoa uani likaota kutu, wakarejea kwenye makaa, ilhali aghalabu hitilafu yenyewe imo katika sehemu moja ndogo ambayo thamani yake ni hafifu mbele ya bei ya jiko jipya. Haja ya makala haya ni kubainisha kwamba hitilafu za jiko zina dalili zake, kwamba mtu asiye fundi aweza kuzisoma dalili hizo kwa taratibu, na kwamba ni wajibu wake kujua lipi alitende kwa mkono wake na lipi asiliguse.

Joto la jiko hutoka katika waya mwembamba wa mchanganyiko wa nikeli na kromu, madini yanayostahimili kuwa mekundu kwa moto miaka mingi bila ya kuungua. Ndani ya oveni, na katika pleti zile za mzunguko ulio wazi, waya huo hutiwa katika bomba la chuma na kuzungushiwa unga mweupe wa magnesia ulioshindiliwa, ambao hupitisha joto lakini huzuia umeme; hivyo sufuria hupata moto na mpishi husalimika. Pleti ndogo aghalabu hula wati 1000, ya wastani 1500, na kubwa 2000, na oveni huzidisha 2000 au zaidi. Vyote vikiwashwa kwa pamoja, mzigo hukaribia wati 8000, ambao kwa umeme wa volti 230 ni takriban ampea 35. Plagi ya pini tatu tunayoizoea, ambayo fyuzi yake kubwa ni ya ampea 13, haibebi zaidi ya wati 3000 hivi. Kwa sababu hiyo jiko kubwa lapasa kuwa na njia yake peke yake kutoka kwenye breka, yenye waya mnene na swichi yake ukutani.

Anayetafuta kasoro na aifuate njia hiyo ya umeme tangu mwanzo wake hata mwisho. Jiko zima likiwa baridi, sababu haimo katika pleti, kwa kuwa ni muhali pleti nne kuharibika kwa siku moja: atazame kwanza salio la umeme katika mita, kisha breka, kisha swichi ya ukutani. Pleti moja peke yake ikikataa, na nyenzake zikawaka, sababu imo katika pleti hiyo, katika swichi yake, au katika viungo vya nyaya baina ya hizo mbili. Na ikiwa jiko zima lawaka lakini kwa unyonge, hasa jioni watu wote wanapopika, huenda jiko halina kosa lolote; umeme wa mtaa umepungua nguvu, kama maji ya bomba yapunguavyo majirani wanapofungua mifereji yao. Upungufu huo ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani, maana volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, joto la pleti hushuka hadi robo tatu ya lilivyokuwa. Basi kabla ya kununua pleti mpya, ipimwe ile ya zamani asubuhi.

Kuna hali nyingine inayowahadaa wengi. Oveni zenye saa, umeme ukikatika na kurudi, saa hiyo hubaki ikimetameta, na nyingi katika hizo hukataa kupasha moto mpaka saa iwekwe upya. Na zile zenye kipima muda cha kuzungusha hazishiki moto kikiwa kwenye sifuri. Mafundi wameitwa mara nyingi kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika.

Ama pleti nzito za chuma, zile ambazo swichi yake ina namba tangu 1 hata 6, ndani yake mna nyaya tatu, na swichi kazi yake ni kuziunganisha kwa namna mbalimbali ili joto lizidi au lipungue. Kwa hiyo pleti ikiwaka kwa baadhi ya namba na ikatulia kwa nyingine, yamkini waya mmoja kati ya hizo tatu umekatika, au midomo ya swichi imeungua. Jiko la aina ya pili lina swichi inayowasha na kuzima yenyewe kila baada ya muda mfupi, na mwenye jiko hilo asitaharuki aonapo pleti ikizimika na kuwaka, kwani ndivyo ilivyoundwa; bali pleti ikiwa nyekundu wakati wote, hata swichi iliporudishwa chini, midomo ya swichi imegandana na sharti ibadilishwe.

Katika oveni, mikate ikiiva juu na kubaki mibichi chini, koili ya chini imekufa, na pengine jicho laweza kuona mahali ilipovimba au kupasuka. Kila kitu kikiungua, ichunguzwe themostati, ambayo kijiti chake chembamba cha shaba kimefungwa kwenye ukuta wa ndani. Kikichomoka katika vishikizo vyake au kikipindwa wakati wa kusafisha, hutoa habari ya uwongo juu ya joto. Chakula kikichelewa kuiva, funga mlango juu ya kipande cha karatasi kisha ukivute: kikitoka bila ya ukinzani, raba ya mlango imechoka na moto unapotea.

Wakazi wa Unguja, Mombasa na Tanga wana adui wa ziada, nayo ni hewa yenye unyevu na chumvi. Oveni isiyotumiwa miezi mingi, unga wa magnesia hufyonza unyevu, na siku ya kuiwasha umeme huvuja kidogo hadi kwenye bati, breka ya usalama ikaruka. Hilo fundi hulimaliza kwa kuikausha koili, na kinga yake ni kuiwasha oveni mara kwa mara. Pleti za chuma nazo hushikwa na kutu. Zikaushwe kwa moto mdogo baada ya kuoshwa, kisha zipakwe mafuta ya kupikia kwa kitambaa, kiasi cha kung'aa tu.

Matunzo mengine ni mepesi. Usimwage maji baridi juu ya pleti yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Shira iliyomwagika ifutwe ingali na uvuguvugu, maana ikikauka huwa jiwe. Tumia sufuria yenye kitako kilichonyooka na kinacholingana na pleti, kwa sababu sufuria iliyobonyea hugusa pleti mahali pachache, joto likapotea na pleti ikaungua kabla ya wakati wake. Na umeme ukikatika katikati ya upishi, rudisha swichi zote kwenye sifuri, kwani nyumba huweza kuungua umeme unaporejea ilhali wenyewe wametoka.

Mwisho ni mpaka wa mkono. Kusafisha, kutazama, kuweka saa na kupima mlango ni kazi ya mwenye nyumba. Kufungua bati la nyuma ni kazi ya fundi, tena baada ya kuzima swichi ya ukutani na breka. Fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya, wala waya wa ardhi usikatwe kwa hoja kwamba jiko lawaka bila ya huo, kwa kuwa kazi yake si kuwasha jiko, ni kumlinda mtu. Mpishi akihisi umeme hata kidogo anapogusa sufuria, au akinusa harufu ya plastiki inayoungua, azime papo hapo na asiwashe tena mpaka fundi apite. Hasara ya chakula cha usiku mmoja hulipika asubuhi. Roho ya mtu haina fidia.