Sakafu, Usiku na Nauli: Usanifu wa Viti vya Daraja la Biashara na Upandishaji wa Abiria Daraja katika Safari za Ndege za Masafa Marefu, kwa Mtazamo wa Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi viti vya daraja la biashara vinavyosanifiwa katika ndege za masafa marefu, na utaratibu unaomwezesha abiria wa daraja la kawaida kuhamishiwa katika daraja hilo. Suala hili linatazamwa kutoka Wilaya ya Karatu. Wakazi wengi wa kata kama Daa, Rhotia na Ganako ni wakulima, lakini wilaya yao imekaa juu ya barabara iendayo Lango la Lodoare, na hoteli, kambi na magari ya utalii ya eneo hilo hutegemea wageni ambao wengi wao wameingia nchini kwa ndege. Hoja inayotetewa ni kwamba shirika la ndege linapouza daraja la biashara huuza eneo la sakafu, na kwamba bei ya eneo hilo hupangwa na saa za usiku zilizomo katika safari. Kwa sababu hiyo, viti 22 vya daraja la biashara vilivyomo katika Boeing 787-8 ya Air Tanzania haviwezi kutathminiwa bila kutazama njia ambazo ndege hiyo inaruka.

Istilahi inahitaji neno moja. Nchini Tanzania, msemo “kupandishwa daraja” humkumbusha msomaji kwanza mwalimu au mtumishi mwingine wa umma anayesubiri barua ya mwajiri. Mfanano huo unasaidia, kwa kuwa abiria mwenye rekodi ndefu ya kusafiri na shirika hutangulizwa. Unapotosha pia: mtumishi hupanda kwa sababu anastahili, ilhali abiria hupanda kwa sababu kuna kiti kitupu mbele yake.

Kisichouzwa na kinachouzwa

Ni vyema kuanza na kitu ambacho nauli ya juu hainunui. Shinikizo la hewa ndani ya ndege ni moja kwa abiria wote. Katika ndege nyingi za kizazi kilichopita, shinikizo hilo hulingana na mahali penye mwinuko wa hadi futi 8,000, yaani mita 2,440 hivi. Huko ni juu kidogo ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ulio karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Boeing 787, ambayo mwili wake umetengenezwa zaidi kwa nyuzi za kaboni badala ya alumini, huweza kudumisha shinikizo la futi 6,000, sawa na mita 1,830. Faida hiyo humfikia aliyelipa nauli ya chini kabisa kama inavyomfikia aliye mbele. Vivyo hivyo kwa kasi ya ndege na saa ya kutua.

Kinachotofautiana ni sakafu. Kabini ya Boeing 787 ina upana wa mita 5.49. Katika daraja la kawaida, mashirika mengi huweka viti tisa kwa safu, vitatu vitatu, na umbali wa inchi 31 au 32 kutoka safu moja hadi nyingine. Katika daraja la biashara, mpangilio uliotangulia ulikuwa viti sita kwa safu, viwili viwili, na umbali wa inchi 60 hivi ili kiti kiweze kulala. Hesabu yake si ngumu. Katika urefu wa inchi 60, sakafu ile ile ingebeba karibu abiria 17 wa daraja la kawaida badala ya sita. Kila kiti cha biashara, basi, kinachukua nafasi ya watu watatu.

Mpangilio huo ulikuwa na kasoro inayofahamika kwa kila aliyewahi kukaa dirishani: ili kufika kwenye ujia, ilibidi kumruka jirani aliyelala. Ufumbuzi ulikuwa kugeuza viti vikae mshazari, vinne kwa safu, kila kimoja kikigusa ujia, huku miguu ya abiria ikiingia katika uwazi ulio chini ya meza ya kando ya kiti cha mbele. Kwa kuwa miili inaingiliana hivyo, safu hizo zinaweza kukaribiana hadi inchi 42 hivi. Tukirudia hesabu, watu wanne mahali pa abiria 12 wa kawaida, jibu ni lile lile: tatu kwa moja. Faragha iliyoongezeka haikulipiwa kwa sakafu mpya. Ilitokana na jiometria, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio ugunduzi halisi wa fani hii, kuliko milango na taa ambazo matangazo hupenda kuzionyesha.

Historia yake ni fupi. British Airways ilileta kitanda bapa katika daraja la biashara mwaka 2000, ikipanga abiria mmoja kutazama mbele na mwenzake nyuma. Virgin Atlantic ilifuata na mpangilio wa mshazari mwaka 2003. Mwaka 2017 Qatar Airways, ambayo pia hutua Kilimanjaro, ilizindua Qsuite, chumba kidogo chenye mlango ndani ya daraja la biashara.

Msanifu hayuko huru, hata hivyo. Kiti cha ndege ya kisasa ya abiria lazima kistahimili jaribio la mgongano la mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia, na kichwa cha sanamu ya majaribio kisipate dhoruba inayozidi kiwango kilichowekwa. Kanuni za Marekani huongeza kwamba kiti kilichogeuzwa zaidi ya nyuzi 18 kutoka mstari wa katikati ya ndege kiwe na kinga ya ziada ya kichwa na mwili, na ndiyo maana baadhi ya viti vya mshazari vina mkanda wa bega au mfuko wa hewa. Aidha, lazima ithibitishwe kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Matokeo yake ni kwamba shirika haliwezi kubadili viti kama mwenye hoteli anavyobadili samani. Uamuzi uliofanywa wakati wa kuagiza ndege huishi nao kwa miaka mingi.

Viti 22 vya Air Tanzania

Boeing 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania iliwasili Dar es Salaam Julai 2018, ya pili Oktoba 2019. Ndege hizo hununuliwa na Serikali na kukodishwa kwa shirika kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Zina viti 262: 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Kwa uwiano wa tatu kwa moja, viti 22 huchukua sakafu ya abiria 66. Yaani asilimia 8 ya viti imekalia zaidi ya asilimia 20 ya sakafu ya viti vyote. Haya ni makisio ya mwandishi, lakini yanatosha kuonyesha mzigo uliopo: kwa wastani, kila kiti cha mbele kisipoleta mapato ya nauli tatu za kawaida, sakafu hiyo inaliingizia shirika hasara ikilinganishwa na matumizi mbadala.

Nauli ya namna hiyo hupatikana wapi? Hupatikana penye usiku mrefu. Msafiri hulipa mara tatu au nne ili alale saa saba na aamke akiwa na siku nzima ya matumizi. Soko la aina hiyo lililo karibu zaidi na Ngorongoro ni Ulaya Magharibi. Hata hivyo, Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, na Juni 2025 katazo likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Sababu zilihusu usimamizi wa usalama, si viti. Lakini athari kwa viti ni ya moja kwa moja: Dreamliner zimebaki na njia kama Mumbai, safari ya saa sita hivi, ambapo kitanda kina thamani ndogo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka 2022/23 ilionyesha kuwa shirika lilipata hasara ya takribani shilingi bilioni 56, kabla ya katazo hilo. Itakuwa kosa kuulaumu usanifu wa kabini kwa hasara hiyo. Itakuwa kosa pia kuuacha nje ya mjadala.

Upandishaji daraja

Kiti kitupu hupoteza thamani yote mlango wa ndege unapofungwa. Ingeonekana busara kukiuza kwa bei yoyote. Mashirika huogopa jambo moja: abiria akijifunza kwamba kitanda hushuka bei saa ya mwisho, hatanunua mapema tena. Kwa hiyo punguzo hufichwa. Hutolewa kwa pointi za uaminifu, au kwa mnada ambao kila abiria huandika kiasi alicho tayari kuongeza bila kuona cha mwenzake, au kwa bei inayotajwa kaunta kwa mtu mmoja mmoja.

Njia nyingine hutokana na kuuza tiketi kupita idadi ya viti, desturi iliyojengwa juu ya ukweli kwamba baadhi ya abiria hawatokei. Wakitokea wote, anayehamishiwa mbele huacha kiti nyuma, na kiti hicho ndicho shirika lilichokihitaji. Huchaguliwa kwanza mwenye hadhi ya juu katika mpango wa uaminifu, kisha aliyelipa nauli kubwa zaidi, na mara nyingi anayesafiri peke yake. Imani iliyoenea kwamba koti zuri hutosha haina msingi mkubwa. Orodha kwa kawaida huandaliwa na kompyuta kabla abiria hajafika kaunta.

Kwa njia ya Karatu, usiku haugawanyiki sawa. Kwa ratiba iliyozoeleka kwa miaka mingi, KLM huondoka Amsterdam asubuhi na kufika Kilimanjaro jioni. Hiyo ni safari ya mchana, na kitanda hakina kazi kubwa. Mgeni hulala Arusha au karibu na uwanja, kisha huanza safari ya kilomita 190 hivi kuelekea Karatu kesho yake. Anayepitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines huruka usiku kutoka Ulaya na kutua Kilimanjaro mchana, hivyo akiwa amelala vizuri anaweza kufika Karatu jioni ile ile, na usiku wake wa kwanza ukalipiwa huko badala ya Arusha. Wakati wa kurudi, ndege ya KLM huondoka usiku. Abiria aliyeshuka kreta alfajiri ya siku hiyo na kupigwa na vumbi la gari hadi uwanjani ndiye anayekubali kwa urahisi kuongeza fedha ili alale. Waongoza watalii wanaopanga ratiba za wageni wazee wangefanya vyema kuwashauri watumie pointi zao katika safari ya kurudi, na kwa ndege ya mchana ya kuja wabaki daraja la kawaida.