Kifaa baridi bado chaweza kuunguza ngozi nyeusi

WATU wengi hudhani kwamba kifaa cha kuondoa nywele kwa mwanga kikihisiwa baridi mwilini, basi hakiwezi kuunguza. Dhana hiyo ni hatari, hasa kwa mkazi wa mji kama Diff, Kaunti ya Wajir, karibu na mpaka wa Somalia, ambako wengi wana ngozi nyeusi na jua ni kali.

Vifaa hivi vya mkononi, ambavyo huuzwa hata kupitia intaneti, hutoa mmweko unaodumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mwanga huo hufyonzwa na melanini, yaani rangi iliyomo katika unywele, kisha hugeuka kuwa joto linalodhoofisha shina lake. Msingi wa kisayansi wa tiba hii ulielezwa mwaka wa 1983 na madaktari wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish.

Tatizo ni kwamba melanini iyo hiyo ndiyo huipa ngozi weusi wake. Ngozi ikiwa nyeusi, tabaka la juu hufyonza mwanga kabla haujafika shinani. Matokeo yake ni malengelenge, makovu au mabaka.

Ili kupunguza madhara, baadhi ya watengenezaji huweka kioo cha yakuti samawi, kito ambacho hupitisha mwanga na pia husafirisha joto upesi. Kandokando yake huwekwa kibamba kinachotumia kanuni iliyogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka wa 1834: umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata moto.

Hata hivyo, joto hilo haliangamii, huhamishwa tu. Sharti feni ilitupe nje. Mchana wa kiangazi huko Diff, hewa inapozidi nyuzi 35, kazi hiyo huwa ngumu, na vumbi likiziba matundu ya feni mambo huharibika zaidi.

Mtungi wa maji, kinyume chake, hupoa vyema katika hewa kavu kwa kuwa maji yanayopenya kwenye udongo hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Baadhi ya mashine za leza za hospitalini hufuata kanuni hiyo kwa kunyunyizia ngozi kimiminika kinachogeuka mvuke mara moja.

Lakini hata upozaji ukiwa bora, haupunguzi kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na ngozi. Isitoshe, ubaridi hutia ganzi, hivyo mtumiaji huenda asihisi maumivu ambayo yangemwonya.

Ndiposa vifaa vingi vya nyumbani vina kitambuzi cha rangi ya ngozi, na hukataa kumweka vikiwekwa kwenye ngozi nyeusi. Kukihadaa kitambuzi hicho ni kujitakia majeraha. Hali kadhalika, usimulike mahali palipopakwa hina au piko.

Mwenye ngozi nyeusi anayehitaji tiba hii amwone daktari wa ngozi na kuulizia leza ya nanomita 1064, ambayo mwanga wake hufyonzwa kidogo na melanini na hupenya ndani zaidi.

Ukiungua, mwagia jeraha maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, usipake dawa ya meno, kisha nenda kwenye zahanati.